Wenye sarafu za majaribio za Japani wazitoe zisomwe

Mtu akusanyaye sarafu adimu za Japani za enzi ya Meiji (1868–1912) aghalabu husifiwa kwa gharama aliyoingia na kwa uchache wa alizo nazo. Nadai kwamba sifa hizo hazitoshi, hasa kwa zile sarafu za majaribio, yaani zilizopigwa chache tu ili wakuu wa serikali wazitazame kabla ya kuamua ipi iingie sokoni.

Sarafu ya jaribio ni rasimu. Aifungiaye kabatini huwa amefungia rasimu ya taifa lililokuwa likiamua litajiandikaje mbele ya walimwengu. Kiwanda cha sarafu cha Osaka, kilichofunguliwa mwaka 1871, kilitumia mitambo iliyonunuliwa Hong Kong, na msimamizi wake, Thomas William Kinder, alikuwa Mwingereza. Hata hivyo, nakshi zilichorwa na Kano Natsuo, fundi wa mapambo ya panga. Uso wa Mfalme haukutiwa kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, pakatiwa joka.

Na maandishi je? Yen ya fedha ya mwaka 1870 ina maandishi ya Kijapani matupu. Ile ya 1874 imeongezewa ONE YEN kwa herufi za Kizungu, pamoja na tarakimu 416 na 900 za uzani na usafi wa madini, ili mfanyabiashara mgeni asitie shaka. Hata hilo jina yen, ambalo Wakenya wengi wamelizoea kwa sababu ya magari, Wajapani wenyewe hulitamka 'en'. Hiyo 'y' ni masalio ya tahajia ya Wazungu wa karne ya 19, walioandika pia Yedo badala ya Edo.

Wakusanyaji watanijibu kwamba lau si wao, sarafu nyingi zingaliyeyushwa. Ni kweli, na tunawashukuru. Lakini sarafu ya kawaida ikifichwa, zipo nyingine. Ya jaribio ikifichwa, huenda isipatikane ya pili ya kulinganishia. Anayenufaika ni mghushi, maana yen za joka zimeghushiwa kwa wingi, na mnunuzi asiyepata kuiona ya asili atajuaje?

Basi kila mwenye nazo na achapishe picha za pande zote mbili, uzani, kipenyo, na zilikopitia kabla ya kumfikia. Jina na anwani yake anaweza kuvibana. Wezi nao husoma.