Jina la Baharini na Jina la Bara

Umezuka mtindo miongoni mwa wahakiki wetu wa kuyatia majina yote yaliyotolewa na wageni katika kapu moja, kuliandika kapu hilo "ukoloni", kisha kudhani kwamba kazi ya uhakiki imekwisha. Mtindo huu una sura ya ushujaa, lakini kwa hakika ni uvivu, na unawadhuru walewale ambao unadai kuwatetea.

Tuchukue mfano unaopendwa. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu São Rafael, mojawapo ya zile za Vasco da Gama, ilikwama kwenye fungu karibu na Tanga. Wareno wakainua macho, wakaona safu ya milima barani, wakaiita Serras de São Rafael. Fungu nalo wakalipa jina hilohilo. (Merikebu yenyewe waliichoma moto mwaka uliofuata kwa uchache wa mabaharia, hivyo jina likaishi kuliko chombo.) Milima hiyo ndiyo Usambara. Hapo, tunaambiwa, Wasambaa waliporwa nchi yao kwa neno.

Waliporwa nini? Aliyelitunga jina lile alisimama kwenye sitaha. Alitaka alama itakayomwambia nahodha ajaye kwamba mbele ya milima hii pana hatari. Walioishi mlimani hakuwataja kwa kuwa hakuwaona, na ufinyu huo wa mtazamo haukufichwa: jina lenyewe linakiri kwamba msimulizi wake yuko majini. Sisemi kwamba halina hatia. Jina la malaika mkuu lilikuja na mizinga, na Mombasa iliyajua hayo mwaka 1505. Ila jina lile halikumhamisha mtu shambani mwake, na Wasambaa hawakuhitaji kulijua.

Sasa tulinganishe na nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako hakuna bahari wala nahodha wa kuongozwa. Reli iliyofika ziwani mwaka 1901 iliacha njiani kituo kilichoitwa Lumbwa, mji ambao leo ni Kipkelion. Wakipsigis wenyewe waliandikwa Lumbwa katika majalada ya serikali, kwa jina lililookotwa kwa majirani wao Wamaasai. Hapa msimulizi hapiti. Ameshuka, amejenga ofisi, na jina analolitumia ndilo analotozea kodi. Kampuni za chai zikajipatia ardhi Kericho katika miaka ya 1920, na mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Kiongozi wao wa kiroho kwa Kikipsigis huitwa orkoiyot. Sheria hiyo ilimwita laibon, neno la Kimaasai. Yaani watu walifukuzwa makwao kwa hati ambayo hata kuwataja kwa lugha yao haikujali.

Anayeyaita majina haya mawili kwa neno moja ameifuta tofauti iliyo kubwa kuliko zote. La kwanza ni jina la kuongozea chombo. La pili ni jina la kutawalia watu. Katika la kwanza anayeitwa hayumo kabisa. Katika la pili yumo, amebandikwa nafsi isiyo yake, na anatakiwa kuiitikia. Wanafunzi wetu hufundishwa kuupambanua mtazamo wa msimulizi katika riwaya. Kwa nini wakifika kwenye ramani na sheria waruhusiwe kuusahau?

Wala si suala la ukumbi wa mihadhara pekee. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao ya ardhi katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Madai ya namna hiyo hutegemea kusomwa kwa majalada ya zamani, ambamo wadai huonekana kwa majina wasiyojiita. Msomaji anayejua kuonyesha nani anamwita nani, akiwa amesimama wapi, kwa faida ya nani, ana kazi pale. Anayejua kutamka "ukoloni" tu hana. Basi sheria ile ya 1934 iingizwe katika silabasi ya uhakiki, isomwe neno kwa neno kama tunavyosoma riwaya, na São Rafael apumzishwe kidogo.