Fainali Ije Pia Kericho

Wasee wa Sotik, tuambiane ukweli. Juni 29, 2025, Nairobi United, timu ya daraja la pili, ilinyuka Gor Mahia 2-1 kwa fainali ya Kombe la FKF pale Ulinzi, Lang'ata. Baadaye ikang'oa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa matuta. Wangapi hapa walijua? Halafu mnatucheka eti sisi ni Arsenal tu. Utapenda aje kombe hujawahi kuliona? Oktoba 2023, Siku ya Mashujaa ilifanyika Kericho Green, rais akakuja. Kama uwanja ulimtosha rais, fainali itashindwa na nini? Leteni huku kwa majani chai. Kijana wa Sotik akiona timu ndogo ikiangusha Gor na macho yake, kesho hatangoja kualikwa.