Risala ya Pamoja ya Waumini na Wasio na Dini wa Pwani

KWA: Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Taifa, Wizara ya Elimu, Idara ya Mahakama, viongozi wa misikiti, makanisa na mahekalu, na wenzetu wote wasiofuata dini

KUTOKA: Wakazi wa Mombasa, Kilifi na Kwale

MINTARAFU: KUHESHIMIANA BAINA YA WENYE DINI NA WASIO NA DINI

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa wale ambao salamu hizo mbili si zao, hamjambo nyote.

Sisi tunaoleta risala hii ni Waislamu, Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na watu wasiofuata dini yoyote. Tunaishi mitaa ile ile, tunapanda matatu zile zile, na baadhi yetu tumezaliwa tumbo moja. Hatukukutana ili kuamua kama Mungu yupo. Suala hilo tuliliweka kando mapema, kwa kuwa tulijua hakuna atakayemshinda mwenzake. Kilichotukutanisha ni visa vya watu tunaowajua, waliodhalilishwa kwa sababu ya wanachoamini au wasichoamini.

Tulikubaliana utaratibu mmoja: kila upande uandike malalamiko ya upande wa pili. Ya wasio na dini yameandikwa na waumini; ya waumini yameandikwa na wasio na dini. Mtu akieleza kero yake mwenyewe huambiwa anadeka. Ikielezwa na yule anayepingana naye, ni vigumu kuipuuza.

A. MSINGI WA RISALA

Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua Mwenyezi Mungu katika dibaji yake. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 8, inasema kwamba hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Kinakataza mtu kunyimwa kazi, huduma au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na kinasema asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani hiyo. Kifungu cha 170 nacho kinaziweka Mahakama za Kadhi kwa ajili ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Haya yote yamekaa katika kitabu kimoja bila kugombana. Ugomvi huanza mitaani.

Hatudai dibaji ibadilishwe. Hatudai pia wimbo wa taifa uguswe. Ni dua, na lahani yake ilitoka kwa Wapokomo, katika wimbo wao wa kubembelezea watoto. Wakenya walio wengi humwomba Mungu, na si vibaya nchi yao kuonekana ilivyo. Tunachodai ni kwamba haki zilizoandikwa zifike kwa yule mmoja aliye peke yake darasani, ofisini au kizimbani.

Wala huyo mmoja si wa kubuni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, na kati yao 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini. Wahindu walikuwa 60,287. Wahindu wana somo lao la dini katika mtaala wa shule, na ni haki yao kabisa. Watu wanaowazidi zaidi ya mara kumi hawana hata nafasi ya kujaza kwenye fomu nyingi za shule.

B. MALALAMIKO YA WASIO NA DINI, KAMA YALIVYOANDIKWA NA WAUMINI

Sisi waumini tunashuhudia yafuatayo.

1. Kunyimwa nafasi ya kukutana. Chama cha wasioamini Mungu nchini kilisajiliwa Februari 2016. Ilipofika Aprili mwaka huo huo, Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili wake kwa hoja ya amani na utulivu, baada ya watu kulalamika. Hatukusikia kwamba wanachama wake walimpiga mtu au kuchoma jengo. Ikiwa kuchukiwa na walio wengi ni sababu ya kufungiwa, basi misikiti katika baadhi ya kaunti na makanisa katika nyingine yasingesalia.

2. Shule. Mtoto wa shule ya msingi husoma Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Mzazi asiye na dini huchagua moja ili mambo yaende. Shida kubwa iko kwenye ibada za asubuhi na kipindi cha mafunzo ya kiroho, ambako mtoto asiyefumba macho huitwa mbele. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule jukumu la malezi ya kiroho, lakini inamtaka alinde imani za wengine. Sehemu ya kwanza ya sharti hilo inajulikana na kila mwalimu mkuu. Ya pili haisomwi.

3. Kazini. Mkutano hufunguliwa kwa sala, na anayeombwa kuongoza ni mfanyakazi mgeni. Akisema “naomba mwingine aongoze”, chai ya saa nne huwa na mada. Kuna waliopandishwa cheo na kuna waliosahaulika, na hakuna anayeandika sababu.

4. Kiapo. Sheria zetu zinamruhusu shahidi kuapa au kutoa tamko la dhati, na hata viapo vya maofisa wa serikali katika Jedwali la Tatu la Katiba vina nafasi hizo mbili. Ila karani huuliza, “Biblia au Kurani?” kisha hunyamaza. Shahidi asiye na dini hushika kitabu asichokiamini, halafu tunamtarajia aseme kweli. Kwetu sisi tunaoviheshimu vitabu hivyo, hiyo ni dharau kwa pande zote mbili.

5. Maziko. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo aliacha karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mjukuu: azikwe kando ya mamaye, majirani wamzungumzie, kusiwe na mahubiri. Kamati ya mazishi iliisoma, ikachangisha pesa za jeneza na chakula, kisha ikaikunja. Siku yenyewe mhubiri alishika kipaza sauti hadi jua likawa utosini, akiwaambia watoto wa marehemu, waliokaa mstari wa mbele chini ya turubali, kwamba baba yao alikwisha kujichagulia pa kwenda. Aliyeinuka na kuondoka ni kitindamimba, naye ni mwanakwaya wa kanisa la mhubiri huyo huyo.

C. MALALAMIKO YA WAUMINI, KAMA YALIVYOANDIKWA NA WASIO NA DINI

Sisi tusio na dini nasi tunashuhudia haya.

1. Kudharauliwa akili. Kuna kundi kati yetu linalomwona kila anayesali kuwa hajasoma. Daktari akitoka wodini kwenda kuswali adhuhuri, tunacheka. Mwalimu wa fizikia akiwa mzee wa kanisa, tunauliza amepataje shahada. Watu hawa wanajua sayansi kuliko wengi wetu, na imani yao haijawazuia kuifanya kazi yao.

2. Kubebeshwa makosa ya wengine. Baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia 2023, wapo waliosema kwamba hiyo ndiyo dini. Waliopoteza ndugu pale walikuwa waumini. Waliolia na kuwaombea walikuwa waumini. Kumlaumu bibi anayekwenda jumuiya kila Jumamosi kwa yaliyotendeka msituni ni uonevu ule ule tunaoulalamikia tunapoambiwa kwamba asiyeamini Mungu hawezi kuwa na maadili.

3. Kuvamiwa katika uchungu. Mama aliyefiwa na mtoto mdogo alikuwa amekaa mkekani, wanawake wakimsomea dua. Mpwa wake, kijana aliyetoka chuo kikuu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani kwamba dua zingekuwa na kazi, mtoto angepona. Alidhani ametoa hoja. Khalati yake hakuwa amemuuliza swali lolote. Wazee walimtoa nje, naye akaenda kuandika mtandaoni kwamba amenyimwa uhuru wa maoni.

4. Uhuru wa dhamiri kuwa wetu peke yetu. Kesi ya hijabu iliyoanzia katika shule moja ya Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ulioruhusu wasichana Waislamu kuivaa. Wengi wa upande wetu waliona huo ni ugomvi wa wenye dini. Kifungu cha 32 tunachokitaja kila siku ndicho wasichana wale walichokuwa wakikitaja. Wapo pia wenye biashara wasio na dini wanaomkata mshahara mfanyakazi kwa kwenda swala ya Ijumaa, hata akiahidi kufidia saa hiyo jioni.

5. Hofu yenye historia. Mwaka 1967 serikali ya Enver Hoxha kule Albania ilifunga misikiti na makanisa, na baadaye nchi ikajitangaza kuwa ya kikanamungu. Watu waliadhibiwa kwa kusali majumbani mwao. Muumini akiuliza tutafanya nini siku tukiwa wengi, anauliza jambo lililokwisha kutokea duniani.

D. MADAI YETU

Kwa Wizara ya Elimu:

(i) Fomu za shule zimruhusu mzazi kuacha nafasi ya dini wazi bila kuitwa ofisini.

(ii) Mwanafunzi ambaye mzazi wake ameomba asihudhurie ibada apewe chumba, mwalimu wa zamu na kitabu cha kusoma. Asipewe fagio.

(iii) Wizara itoe mwongozo mmoja kwa shule zote za umma kuhusu mavazi ya kidini, ili haki ya msichana isitegemee aliyeijenga shule.

Kwa Idara ya Mahakama:

(iv) Makarani waagizwe kutaja njia zote tatu kwa sauti moja: Biblia, Kurani au tamko la dhati. Shahidi achague bila kuulizwa sababu.

Kwa Bunge na Serikali:

(v) Chama cha raia kisinyimwe wala kusimamishiwa usajili kwa sababu tu ya anachoamini au asichoamini. Kipimo kiwe matendo.

(vi) Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu anayesema au kuandika kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini. Baadhi yetu wanataka kifutwe. Wengine wanaona kinawalinda. Sote tumekubaliana kwamba kisitumiwe kumfunga mtu kwa kutoa hoja, na tunaomba miongozo ya polisi na waendesha mashtaka iseme hivyo.

(vii) Katika ofisi za umma, sala ya kufungua mkutano iwe ya hiari na asiyeshiriki asihojiwe. Vilevile, saa ya ibada iheshimiwe kwa mfanyakazi anayefidia muda wake.

Kwa viongozi wa dini:

(viii) Wosia wa marehemu kuhusu maziko yake usomwe na ufuatwe. Kama dini haiwezi kuongoza maziko kwa masharti hayo, iseme mapema na kwa upole, iwaachie jamaa.

(ix) Mimbari isitumiwe kuwataja kwa majina walioacha dini, wala kuwaagiza wazazi wawafukuze nyumbani. Kijana akitoka msikitini au kanisani, bado ana mama.

Kwa wenzetu wasio na dini:

(x) Pingeni mafundisho mpendavyo, ila msimdhihaki mtu anayeyashika, na msiende kufanya mdahalo penye msiba.

(xi) Muumini anaponyimwa haki yake, msimame naye kama mnavyotaka asimame nanyi.

E. JIBU KWA WANAOTILIA SHAKA

Tumeambiwa na wazee wetu wa pande zote kwamba heshima ya namna hii italegeza imani, au itafunga mdomo wa anayehoji. Tunawakumbusha Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa, na baadhi ya wanawake wakawapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwao, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Hakuna aliyebadili dini ndani ya basi lile, na hakuna aliyesubiri kwanza akubaliane na jirani yake kuhusu akhera. Uislamu wa abiria wale haukulegea kwa kumlinda mtu asiyekuwa wao. Wengi wetu, wenye dini na wasio nayo, tunaona hapo ndipo ulipoonekana.

Na anayehoji naye hapotezi kitu. Risala hii yenyewe imeandikwa na watu waliobishana kwa sauti kubwa, kila mmoja akabaki na msimamo wake.

F. AHADI ZETU

Hatukuja kudai tu. Tumeahidiana kwamba katika kamati zetu za mazishi wosia wa marehemu utasomwa mbele ya jamaa wote kabla ya mchango wa kwanza kupokewa. Kwamba asiyefunga miongoni mwetu hatamtania anayefunga mwezi wa Ramadhani, na anayefunga hatamtia adabu asiyefunga. Na kwamba mtoto wa mmoja wetu akisumbuliwa shuleni kwa sababu ya dini au kukosa dini, atakayefuatana na mzazi kwenda kwa mwalimu mkuu atatoka upande wa pili.

Waheshimiwa, tunaomba risala hii ipokewe kama ombi la raia chini ya Kifungu cha 37 na cha 119 cha Katiba, na tunaomba jibu la maandishi kwa kila dai. Mkilikataa lolote, tupeni sababu. Kuhusu mbingu hatutafuti mwafaka kwenu. Tunautafuta kuhusu fomu ya shule, kizimba cha shahidi, saa ya swala na karatasi ya marehemu, na hayo yote yako ndani ya uwezo wenu.

Ni sisi wenu,

Mwenyekiti na Katibu,
kwa niaba ya wakazi, wenye dini na wasio na dini, wa Mombasa, Kilifi na Kwale