Kidonda Kimefunga, Maumivu Hayajaisha

Wengi wetu tunaamini kwamba kidonda kikifunga, ugonjwa umekwisha. Mgonjwa akitolewa nyuzi tunamtegemea ashike jembe. Akisema bado anaumia, tunatazama kovu, tunaona ni kavu, tunasema ni mvivu. Wengine husema amerogwa. Mimi nasema tunamwonea.

Mnakumbuka moto wa Msamvu, hapa Morogoro. Jumamosi, tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Mkoa, na wengine Muhimbili, Dar es Salaam. Waliokufa tuliwalilia. Lakini mtu aliyeungua sana akapona, hubaki na makovu makubwa. Huenda alipasuliwa, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Kovu hilo linaweza kumuuma kwa miaka, na hakuna anayekuja kumpa pole.

Kwa nini liume? Mwilini mna mishipa ya damu, na mna mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Ukikanyaga mwiba, habari hufika ubongoni, nawe unasikia maumivu. Sasa, moto ukiunguza mshipa huo, au kisu cha upasuaji kikiukata, au kovu likiubana, mshipa huharibika. Huweza kuota tena, lakini polepole sana, kama milimita 1 kwa siku. Mara nyingine huota vibaya. Basi huuambia ubongo kuna moto, na moto haupo. Habari ni ya uongo, lakini maumivu ni ya kweli. Mtu aliyekatwa mguu anaweza kuumwa na vidole ambavyo havipo tena. Huyo hana wazimu.

Si moto peke yake. Madaktari wameona kwamba kati ya watu 10 waliopasuliwa ngiri, karibu mtu 1 huendelea kuumia kwa muda mrefu. Si lazima daktari awe amekosea, kwa maana mishipa ya hapo ni myembamba sana. Lakini daktari amwambie mgonjwa mapema. Asiyeambiwa hudhani wamemsahaulia mkasi tumboni!

Maumivu haya yana dalili zake. Huwaka kama pilipili. Huchoma kama sindano, au hupiga kama shoti ya umeme. Kanga ikigusa kovu tu, mtu anaruka. Usiku ndiyo huzidi.

Panadol hapa mara nyingi haifui dafu. Ndiyo maana wengi hununua diklofenaki dukani, wakaimeza miezi mingi. Hiyo huharibu tumbo na figo. Ipo dawa nyingine, amitriptilini. Ni dawa ya ugonjwa wa sonona, lakini kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa ya fahamu. Usikasirike ukipewa, hujaitwa kichaa. Humezwa jioni kwa sababu huleta usingizi, na hukausha kinywa. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Ngoja wiki kadhaa. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Haiondoi maumivu yote, na wengine haiwasaidii kabisa. Lakini mtu aliyekuwa halali akipata usingizi, amepata kitu kikubwa. Daktari ndiye wa kuiandika, maana haiwafai watu wote, hasa wenye ugonjwa wa moyo.

Kama ngozi ina ganzi, usiikande kwa maji ya moto. Utaungua bila kujua. Usichanje chale juu ya kovu.

Nanyi mnaokaa na mgonjwa, msimwache amelala siku nzima. Kiungo kisichotumika hukakamaa. Mpeni kazi anayoiweza: kupukuchua mahindi, kuchambua mboga, kutembea hadi kwa jirani na kurudi. Kesho aongeze kidogo. Akisema leo imezidi, mwaminini.

Kovu likivimba na kutoa usaha, au homa ikipanda, au mguu ukianza kulegea, usingoje tarehe uliyopangiwa. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Chukua na karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali, ili mganga aone ulipasuliwa nini na lini.