Tumbawe linanyauka, nani alaumiwe?

Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa hapa Nairobi. Mwanawe, mwanafunzi wa shule ya upili, anafuga matumbawe katika tangi la kioo la lita 100. Moja kati yake, lile lenye minyiri yenye ncha mfano wa nyundo, lilichanua vizuri kwa miezi mingi. Sasa minyiri imejikunja na nyama inarudi nyuma ikiacha mifupa mitupu. Baba mtu amenunua taa mpya, kijana amemimina dawa ya kalsiamu, na tumbawe limehamishwa mara tatu kwa siku nne. "Tufanye nini tena?" mama anauliza.

Kwanza msifanye lolote, dada. Mimi niliwahi kuua tumbawe kwa pupa kama hiyo. Usiku mmoja nilibadili nusu ya maji, nikaongeza taa, nikatia na dawa. Kulipokucha lilikuwa limekwisha, na hadi leo sijui ni lipi kati ya hayo matatu lililoliua.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake mnaishi vijimea vidogo mno vya jamii ya mwani, ambavyo hupika chakula kwa nuru na kumgawia mwenyeji wao. Likipauka mwili mzima, aghalabu ni joto au mwanga mkali. Hayo ndiyo yaliyotokea 1998, bahari ya pwani yetu ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakafa. Likiota utelezi wa kahawia unaonuka, huo ni ugonjwa usiongoja kesho: litengeni na mengine siku hiyo hiyo. Ama nyama inapopungua polepole kama hii yenu, mimi hutazama maji.

Na jibu, nashuku, limo katika barua yenyewe. Mama anasema kila jioni kijana huongeza lita moja ya maji ya chumvi kufidia yaliyopungua. Lakini kinachopaa hewani ni maji matupu; chumvi hubaki tangini! Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Ukiongeza lita moja kila siku, kwa majuma mawili umeingiza karibu nusu kilo, na tangi la lita 100 litatoka gramu 35 hadi karibu 40. Bahari ya Shamu ina chumvi ya kiasi hicho, na matumbawe ya huko yameizoea. Lenu halijaizoea.

Mtaniambia haidromita inaonyesha 1.025, kipimo kizuri. Kama ni ile ya plastiki yenye mkono unaopanda na kushuka, itazameni vizuri. Chumvi ikigandamana kwenye mkono huo, huwa mzito na kusoma chini ya ukweli. Uosheni kwa maji vuguvugu, hakikisheni hakuna mapovu, kisha mpime tena. Ikisoma 1.030, mwizi amepatikana.

Hapo msishushe chumvi kwa siku moja. Toeni lita mbili za maji ya tangi kila siku, mrudishe lita mbili za maji yasiyo na chumvi, kwa muda wa wiki moja hivi, mkipima kila jioni. Maji hayo yasiwe ya mfereji moja kwa moja, kwani yana klorini. Yaliyochujwa kwa mtambo ndiyo bora. Taa ya zamani irudi, dawa ya kalsiamu ikae kabatini, na tumbawe lirejee mahali lilipochanua.

Likifa, tafadhali kijana asiende kuvunja jingine kule Malindi au Watamu. Mbuga hizo za baharini zimehifadhiwa tangu 1968, na kung'oa matumbawe humo ni hatia.

Tangu leo, pigeni alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yanapofika. Yakishuka chini ya alama, ongezeni maji matupu hadi hapo. Kisha niandikieni baada ya majuma mawili mniambie haidromita ilisema nini ilipooshwa.