Desemba Haimo Katika Daftari la Mahudhurio



Kila mwaka shule zinapofunga mlango, na Kanisa linapowasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, katika vijiji vya Tarime na Serengeti wako wasichana wanaoanza kuhesabu siku kwa hesabu nyingine kabisa. Wazee wa inchama, lile baraza la siri la ukoo, wamekwisha kukaa na kutaja siku. Ngariba wamekwisha kuitwa. Kanga na miavuli vimenunuliwa Sirari au mnadani, ndizi zinaiva, pombe imewekwa. Kwa kawaida msimu mkubwa huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili, lakini tangu sheria ianze kufuatilia, wengine wamejifunza kutenda kwa siri, katika mwaka wowote, na kwa watoto wadogo zaidi kuliko zamani.

Hatukushika kalamu ili kurudia mahubiri juu ya ubaya wa ukeketaji. Mmeyasikia, na wengi wenu mngeweza kuyahubiri kuliko sisi. Tunataka kuzungumza juu ya jambo linalosemwa kwa nadra: misaada ambayo Serikali inaitoa ili mtoto wa kike asome na alindwe, na mwezi ambao misaada hiyo hulala usingizi.

Kwanza tutende haki, tuseme lililo jema. Ni katika mkoa wetu huu, mwaka 1974, lilipotolewa Azimio la Musoma, lililoamua kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, bila kungoja nchi iwe tajiri. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, uliingia mwaka 2013 katika kazi ya kunusuru kaya maskini kwa kuzipa ruzuku ya fedha kila baada ya miezi miwili. Awamu ya pili ya kazi hiyo ilizinduliwa mwaka 2020. Ruzuku haikutolewa hivi hivi tu. Kaya yenye watoto wa shule ilipaswa kuhakikisha kwamba wanahudhuria walau asilimia 80 ya siku za masomo, na wachanga wapelekwe kliniki. Katika awamu ya kwanza kaya ilianzia shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa shilingi 2,000 kwa mtoto wa shule ya msingi na 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mtu wa mjini anaweza kuzicheka fedha hizo. Sisi tunaotembelea nyumba hatucheki. Tumeona madaftari yaliyonunuliwa kwa fedha hizo, na tumeona soksi.

Mama mmoja wa kigango chetu, mjane, alituonyesha kwa fahari kadi yake ya mnufaika, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo cha bintiye. Binti alikuwa darasa la saba. Hakukosa shule hata siku moja mwaka ule, na mwalimu mkuu alitusomea jina lake katika daftari: vema, vema, vema, mstari mzima. Septemba akafanya mtihani. Desemba baba zake wadogo wakaja na uamuzi wa ukoo, naye akakeketwa. Januari jina lake lilikuwa ubaoni katika orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Hakuripoti. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuvuka mto.

Tuliuliza ni kanuni gani iliyovunjwa katika mpango wa ruzuku. Jibu ni kwamba haikuvunjwa hata moja. Mtoto alihudhuria siku zote ambazo shule ilikuwa wazi. Kisu hakikuja siku za shule. Daftari la mahudhurio halina Desemba.

Ndugu, hapo ndipo penye ufa. Mtoto wa darasa la saba akikwisha kuweka kalamu chini mwezi wa Septemba, hadi Januari hana shule. Mwalimu wa msingi hamwiti tena, na mwalimu wa sekondari hajamfahamu. Kwa miezi hiyo yote msichana ni wa ukoo peke yake, tena katika umri uleule ambao ukoo unamwona amefaa. Asipokeketwa ataitwa msagane kisimani na jikoni, na hata katika safari ya jumuiya. Akikeketwa, mila inamwita mwanamke na wachumba wanabisha hodi. Pima ruzuku ya shilingi elfu kadhaa kwa mwezi na mahari ya ng'ombe wanaosimama zizini siku moja, uone mizani inavyolala. Hatusemi kwamba wazazi wetu wanauza watoto, maana neno hilo linaumiza na si la kweli kwa wengi. Tunasema kwamba umaskini una hesabu zake, na mpango unaotaka kumlinda binti hauna budi kuzijua hesabu hizo.

Iko shida ya pili, nayo ni ngumu zaidi. Ruzuku huifuata kaya. Kwa njaa na kwa kliniki ni utaratibu wa busara, kwa sababu njaa huingia nyumba nzima. Lakini msichana tunayemsema hatari yake imo ndani ya nyumba hiyohiyo. Akitoroka usiku, akapita mashambani hadi kituo cha Masanga kule Tarime, au nyumba salama za Mugumu na Kiabakari, anakuwa ameiacha kaya, na pamoja na kaya ameuacha msaada wote ulioandikwa kwa ajili yake. Fedha inabaki kwa waliotaka kumkata. Anayemlisha sasa ni masista, au watu kama Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na ambaye tangu mwaka 2014 amekuwa akiwapokea watoto hawa Mugumu, kwanza pamoja na ndugu zetu wa Anglikana. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto huwaleta wasichana vituoni, maofisa ustawi wa jamii huandika majina yao, na tunawashukuru. Lakini mchele, magodoro na taulo za kike vinategemea zaidi wafadhili na sadaka. Mfadhili wa mbali akibadili nia, mtoto wa Gorong'a analala na njaa.

Kuhusu sheria hatutakaa sana. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, ikaweka kifungo cha miaka mitano hadi kumi na tano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Na faini hiyo leo haimnunui ng'ombe wa maana. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilimpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki ya mtoto inapovunjwa. Marekebisho ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na Katiba. Na Novemba 2021 Serikali ilifungua tena mlango wa shule kwa wasichana waliojifungua, mlango ambao mwaka 2017 ulikuwa umefungwa hadharani. Yote hayo ni ushindi. Hata hivyo sheria, kwa maumbile yake, mara nyingi hufika baada ya damu, na shahidi wake mkuu ni mtoto anayetakiwa kumtaja mama yake mahakamani. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba katika Mara wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 40 mwaka 2010, 32 katika uchunguzi wa 2015/16, na 28 mwaka 2022, wakati wastani wa nchi nzima mwaka huo ulikuwa 8. Tunakwenda, lakini kwa mwendo wa konokono.

Tunaomba nini basi? Tunawaomba wakuu wa TASAF na wa halmashauri wakubali kwamba msichana aliyekimbia ni mnufaika kwa nafsi yake. Ofisa ustawi wa jamii akimpokea na kumsajili, sehemu yake ya ruzuku imfuate kituoni, na baadaye imfuate bweni. Tunaomba kaya inayomlinda binti yake hadi akaripoti kidato cha kwanza, mzima wa mwili, ipate nyongeza yake mwezi wa Januari, wakati wa kununua sare na godoro. Ada imefutwa, ni kweli, lakini mahitaji ya kuanzia shule hayakufutwa, na baba asiye na moyo huyatumia kama kisingizio. Na tunawaomba madiwani, ambao wengi wao husali nasi, wakumbuke kwamba bajeti ya halmashauri huanza Julai. Petroli ya ofisa ustawi wa jamii ya mwezi Desemba isipoandikwa mapema mwaka huo, Desemba ikifika hakuna petroli, na ofisa mwenye moyo mzuri atabaki ofisini akipokea simu.

Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, ya msingi sita na ya sekondari minne. Tumeifurahia, kwa kuwa itaondoa lile neno la hatari, "amemaliza shule", linalotamkwa juu ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Lakini msingi ukiisha darasa la sita, mwanya wa kati ya shule na shule utamkuta msichana akiwa mdogo zaidi kwa mwaka mzima. Wapangaji walifikirie hilo sasa.

Mzee mmoja, Mkristo mwema, alituambia: "Padre, mnaiingiza Serikali kati ya baba na binti yake." Tulimjibu kwa heshima, maana neno lake lina uzito. Kanisa limefundisha, hasa tangu Pius XI mwaka 1931, kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoiweza. Familia ni ya kwanza, na Serikali haina ruhusa ya kuwa baba wa watoto wetu. Lakini mafundisho hayohayo yanasema kwamba mdogo akishindwa, mkubwa ana wajibu wa kumsaidia. Baba anayesema, "Mimi sitaki, ila ukoo utanitenga," amekiri mwenyewe kwamba ameshindwa peke yake. Mtu wa namna hiyo Serikali haimpokonyi mamlaka. Inampa mahali pa kuegemea anapokataa.

Katika Injili ya Marko yumo mtoto wa kike wa Yairo, mwenye miaka kumi na miwili, umri wa wasichana wetu hawa. Nyumba ilijaa waombolezaji na wenye kucheka. Bwana aliwatoa nje wote, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu, akamshika binti mkono, akasimama. Wahubiri wengi huishia hapo. Mwinjili hakuishia hapo. Anasema Bwana aliagiza binti apewe chakula. Sisi tumekuwa hodari wa kushangilia wasichana waliookolewa, tukapiga nao picha, na tukasahau chakula cha mwezi wa Februari.

Na hapa hatuna budi kujishitaki wenyewe. Ni nani wanaokaa katika mikutano ya vijiji inayotaja kaya maskini? Ni waamini wetu. Ni nani wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto? Tuliangalia majina ya kata moja, tukakuta wenyeviti wawili wa jumuiya na mama mmoja wa WAWATA. Na ni nani wanaokata? Vyeti vya ubatizo vipo ofisini kwetu. Tena wako mapadre, nasi tumo, waliokaribishwa wakati wa Noeli katika nyumba ambamo msichana alilala chumba cha nyuma bila kutoka kusalimu. Tulikula kuku, tukabariki nyumba, na hatukuuliza yuko wapi. Sinodi ya Afrika, ambayo matunda yake Yohane Paulo II aliyatangaza mwaka 1995, ilisikitikia mila zinazowanyima wanawake haki na heshima yao. Tulizisoma kurasa hizo seminarini. Kuku alikuwa mtamu.

Kwa hiyo tumekubaliana na Halmashauri ya Walei jambo moja, si kubwa. Kila jumuiya ndogondogo itaandika, kabla ya mwisho wa Septemba, majina ya wasichana wake wote walio darasa la saba, wa kaya za TASAF na wasio wa TASAF, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Orodha hiyo haitasomwa kanisani wala kubandikwa ubaoni; itakuwa kwa paroko na kwa ofisa ustawi wa jamii tu. Kila msichana atapewa mama mmoja wa WAWATA asiye wa ukoo wake, atakayemtembelea walau mara moja kwa juma tangu mtihani hadi siku ya kuripoti kidato cha kwanza, na kumwomba amsalimu yeye mwenyewe, kwa macho na kwa sauti. Utume wa wanaume, UWAKA, utasimama na baba yeyote aliyekataa, siku wazee wa ukoo watakapomwita. Wenyeviti wa jumuiya walete orodha zao kwa mkono, zikiwa ndani ya bahasha, na wale ambao jumuiya zao hazina msichana wa darasa la saba walete bahasha vilevile, waandike ndani kwamba hakuna, na watie sahihi.