Kifaa cha kusomea vitabu: kikundi kipige hesabu kabla ya kufungua mfuko

KIKUNDI cha wakulima kinachofunga hesabu za msimu na kubaki na akiba hakikosi washauri. Mmoja atataka inunuliwe pampu ya maji, mwingine atapendekeza mbegu za msimu ujao zinunuliwe mapema kabla bei haijapanda. Siku hizi yupo pia atakayesema kinunuliwe kifaa cha kusomea vitabu, kile chembamba kama daftari, kinachobeba maelfu ya vitabu na kukaa na chaji kwa wiki kadhaa.

Pendekezo hilo si la kubeza. Lakini pia si la kupitishwa kwa kunyoosha mikono kabla ya kupiga hesabu, kwa sababu fedha inayozungumziwa ni jasho la watu wengi.

Kwanza tukielewe kifaa chenyewe. Kioo chake si kama cha simu. Simu humulika mwanga kumfikia msomaji, wakati karatasi ya elektroniki husomwa kwa mwanga wa jua au wa taa, kama karatasi ya kawaida. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembechembe nyeupe na nyeusi. Umeme unapopita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine hushuka, na hapo herufi hujitokeza. Ukurasa ukishajipanga hubaki hivyo bila kutumia umeme hadi msomaji afungue mwingine.

Teknolojia hiyo ilitoka katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997 kuiendeleza. Mwaka 2004 Sony walianza kuuza kifaa chao Japani, na Novemba 2007 Amazon wakaleta Kindle kwa dola 399. Mwaka 2024 Kindle ya bei ya chini ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa takriban dola 110.

Kwa mtu wa kijijini, kusomeka juani na kutokula umeme ni sifa za maana. Mahali ambapo kuchaji simu ni safari ya kwenda dukani na kulipia, kifaa kinachokaa wiki kadhaa bila kuchajiwa kinaokoa muda na fedha.

Pamoja na sifa hizo, wembamba una gharama yake. Vingi vya vifaa hivi vina kioo cha kawaida nyuma ya karatasi ya elektroniki, na kioo hicho huvunjika kirahisi. Shirika la Worldreader lilipoanza mwaka 2010 kuwapa wanafunzi wa Ghana vifaa vya aina hiyo, kuvunjika kwa vioo kuliwasumbua sana. Baadaye shirika hilo liliegemea zaidi simu za mkononi, ambazo wasomaji wengi tayari wanazo.

Wapo waliojaribu kuondoa kioo hicho. Kampuni ya Plastic Logic, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2000, ilitengeneza karatasi ya elektroniki yenye mgongo wa plastiki. Januari 2010 ilionyesha kifaa kiitwacho QUE, kipana karibu sawa na karatasi ya ofisini, kilicholengwa kwa wasomaji wa nyaraka. Bei yake ilianzia dola 649. Mwezi huohuo Apple wakatangaza iPad kwa dola 499, yenye rangi na kazi nyingi zaidi ya kusoma. Agosti mwaka huo QUE ilifutwa kabla haijamfikia mteja.

Mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuagiza vifaa hivi ajifunze hapo. Bidhaa inaweza kuwa nzuri na bado ikakosa soko, kwa sababu mteja hulinganisha bei na matumizi, haangalii ubunifu peke yake. Na kifaa kikivunjika kioo wakati hakuna fundi wala kipuri karibu, lawama humrudia aliyekiuza.

Sasa turudi kwenye hesabu za kikundi. Tuchukue mfano. Tuseme kifaa, pamoja na usafirishaji, kodi na kasha la kukilinda, kimekigharimu kikundi shilingi 400,000. Tuseme pia kijitabu cha kilimo bora cha zao fulani kina kurasa 40, na fotokopi ni shilingi 100 kwa ukurasa. Nakala moja ni shilingi 4,000.

Anayekipigia debe kifaa atawaambia wanachama 20 kwamba kumpa kila mmoja nakala yake ni shilingi 80,000, hivyo vijitabu vitano tu vinarudisha fedha yote. Hesabu hiyo inavutia, lakini ina kasoro. Wanachama 20 hawawezi kushika kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Watapokezana. Na kama ni kupokezana, hata nakala moja ya karatasi inapokezwa.

Ulinganisho wa haki ni kifaa kimoja kwa nakala moja. Kwa shilingi 400,000 kikundi kinapata vijitabu 100. Ni kikundi gani kimekwisha kukusanya vijitabu 100 tofauti, kwa Kiswahili, vinavyohusu mazao na mifugo yake? Tena kijitabu kikianguka kwenye matope, hasara ni shilingi 4,000. Kifaa kikianguka, hasara ni 400,000.

Kuna suala la rangi pia. Vifaa vya bei nafuu huonyesha nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Mkulima wa mihogo anahitaji kuona njano ya jani lenye batobato na kahawia ya mzizi wenye michirizi. Picha ya kijivu haimsaidii kutofautisha ugonjwa na ukosefu wa mbolea. Kwa kazi hiyo, simu yenye kioo cha rangi, ambayo huenda mwanachama mmoja au wawili tayari wanayo, ni bora zaidi. Vifaa vya karatasi ya elektroniki yenye rangi vipo, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Jingine ni umiliki. Julai 2009 wateja wa Amazon waligundua kuwa vitabu viwili vya George Orwell walivyokuwa wamenunua, kimojawapo kile kinachojulikana kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, vimefutwa kwenye Kindle zao. Muuzaji aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. Hata hivyo somo lilibaki: kitabu ulichonunua kwa njia hiyo kinaweza kuondolewa ukiwa umelala. Kikundi kitunze nyaraka zake kama mafaili yanayonakilika popote, kisitegemee duka la kampuni moja.

Je, hakuna ambaye hesabu inamkubali? Yupo. Afisa ugani anayehudumia vijiji kadhaa, leo kwenye mahindi, kesho kwenye mbuzi, keshokutwa kwenye alizeti, anahitaji nyaraka nyingi ambazo hawezi kuzibeba zote kwenye pikipiki. Shule ya sekondari na maktaba nazo zina wasomaji wa kila siku. Chama cha msingi chenye ofisi, katibu na kabati la kufungwa kinaweza kuhifadhi humo sheria ya ushirika, kanuni, masharti ya chama na miongozo ya mazao. Huko kifaa kimoja kitasomwa sana, na gharama ya kila usomaji itashuka.

Lakini hata hao watakwama kama hakuna cha kusoma. Hapa ndipo tatizo kubwa lilipo, na kulitatua hakuhitaji kiwanda cha vioo. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, wizara na halmashauri zina maarifa mengi ambayo yanafaa kumfikia mkulima. Mwongozo uliopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kugeuzwa PDF kubwa hausomeki kwenye kioo cha inchi sita: herufi huwa kama sisimizi. Tunashauri miongozo itolewe bure, kwa Kiswahili chepesi, katika mafaili mepesi ambayo maandishi yake hujipanga yenyewe kulingana na ukubwa wa kioo. Faili hilohilo litasomeka kwenye simu, kwenye kifaa cha kusomea, na litachapishika kwenye duka la fotokopi.

Nchi hii imewahi kufanya jambo hili bila teknolojia ya bei mbaya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kilichofanya kazi ni maandishi mafupi yanayoeleweka, kiongozi wa kikundi aliyeandaliwa, na saa maalumu ya kukutana.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vikundi ni huu. Anzeni na orodha ya mnachotaka kujua msimu huu. Tafuteni maandishi yake, yachapisheni nakala moja au mbili, na mpange siku ya kuyasoma pamoja. Ikifika siku kabati limejaa na wanachama wanagombania zamu, hapo mhazini alete hoja ya kununua kifaa, na hesabu itakuwa upande wake. Kabla ya hapo, mbegu na pampu zina haki zaidi kwenye mfuko huo.